Joto Lisilo na Wizara

Nyumba ya Mkikuyu wa zamani ilijengwa kwa siku moja, na haikuhesabiwa kuwa nyumba mpaka moto uwake ndani yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1938 kuhusu maisha ya watu wake, ameeleza jinsi kazi ilivyogawanywa: wanaume walikata miti, wakachimbia nguzo na kuinua paa, wanawake walileta nyasi za kuezekea na kukandika. Haikufaa jua lichwe kabla kazi haijaisha, kwa kuwa nyumba mpya ikilala tupu, iliaminika kwamba pepo wabaya wangetangulia kuingia. Jioni hiyo moto uliletwa kutoka nyumba ya zamani, ukawashwa kati ya mafiga matatu, na kutoka hapo ukatunzwa usizime.

Ukiitazama nyumba hiyo kwa macho ya fundi utaona kwamba ilijengwa kuuzunguka moto. Mafiga yalikaa katikati. Juu yake palikuwa na itara, dari ndogo ya miti ambapo kuni mbichi zilikaushwa na moshi wa kuni zilizotangulia. Mbuzi na kondoo walilala humo humo, upande wao, na pumzi zao zikaongeza joto. Mlango ulikuwa mmoja, mfupi, na madirisha hayakuwapo. Nyasi nene za paa zilizuia joto lisitoroke, na moshi uliopenya katikati yake ulifukuza wadudu, zikadumu miaka. Moto uleule ulipika githeri, ukakausha kuni na nguo, ukawaangazia waliokuwa wakisimuliana hadithi, na usiku wa manane, ulipobaki makaa tu, ndio uliowakinga watoto na baridi. Ulikuwa pia ukiumiza macho na vifua. Moshi huo tusiusahau hata kidogo, maana wanawake waliokohoa humo maisha yao yote hawakuwa na pa kuukimbilia.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam huenda akashangaa habari hizi za kutafuta joto katika nchi ya ikweta. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nanyuki, ambako mstari wa ikweta unapita, uko juu zaidi, karibu na mita 1,950. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu mazito hutanda chini, kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, manyunyu hayakatiki, na jua huweza kupotea kwa siku nyingi mfululizo. Wenyeji huuita msimu huo gathano. Idara ya Hali ya Hewa huonya mara kwa mara kwamba katika nyanda hizi joto la usiku laweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa mtu aliye ndani ya kuta nene, chini ya dari, nyuzi 10 ni jambo la kuongeza blanketi. Kwa aliye katika nyumba ya mabanzi yenye mianya kati ya ubao na ubao, baridi ya nje ndiyo ya ndani.

Msaada wa joto kwa wasiojiweza ulikuwapo milimani kabla serikali yoyote haijafika. Mwanamke akijifungua, wenzake walimpelekea kuni na chakula, desturi iliyoitwa matega. Kuni zilitangulia katika zawadi hizo kwa sababu iliyo wazi: mzazi hawezi kwenda msituni, na mtoto mchanga hawezi kuvumilia nyumba baridi. Pamoja na matega ilikuwapo ngwatio, kazi ya zamu, ambapo watu walilimiana na kujengeana bila malipo, leo kwako, kesho kwangu. Nataja desturi hizi mbili mapema kwa kuwa zitarudi baadaye zikiwa zimevaa mavazi mengine.

Waingereza walipiga kambi Nyeri mwishoni mwa mwaka 1902, na walipoanza kujenga nyumba za kudumu hawakuhitaji kuambiwa kwamba mahali hapa pana baridi. Maofisa wa serikali walijengewa nyumba za mawe zenye dari chini ya paa na meko ya ukutani yenye dohani ya kutolea moshi. Walowezi nao walifanya hivyo hivyo mashambani mwao, kuanzia Nyeri hadi Naro Moru na Nanyuki. Hoteli ya Outspan, iliyojengwa na Eric Sherbrooke Walker mwishoni mwa miaka ya 1920, iliwapokea wageni kando ya moto wa namna hiyo. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, alihamia katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa hoteli hiyo mwaka 1938, akafia humo Januari 1941. Nyumba za serikali za enzi hiyo zinastahili kukumbukwa katika historia hii kwa sababu moja. Kwa kadiri ninavyoielewa, hapo ndipo fedha za umma zilipotumika waziwazi ili mtu wa Nyeri alale penye joto, na watu wenyewe walikuwa watawala. Nyuma ya nyumba hizo, katika vyumba vya wapishi na watunza bustani, hapakuwa na dohani.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na Nyeri ikawa kitovu cha vita kati ya Waingereza na wapiganaji wa Mau Mau. Yaliyoandikwa kuhusu vita hivyo yanazungumzia zaidi misitu, mahakama na kambi za kizuizini. Kuhusu nyumba yameandikwa machache, ingawa katikati ya mwaka 1954 serikali ilichukua hatua iliyobadili makao ya eneo hili kuliko yote yaliyowahi kutokea kabla yake. Iliamua kwamba watu wasikae tena wametawanyika kila mmoja kwenye mteremko wake, kwa kuwa hivyo waliweza kuwalisha wapiganaji wa Mau Mau. Katika muda wa miezi 15 hivi, watu zaidi ya milioni moja wa Kikuyu na Embu walihamishwa kwa nguvu wakaingizwa katika vijiji 854, vingi vikizungushiwa mitaro na seng'enge na kulindwa na askari wenyeji wa serikali (Home Guard).

Nyumba za zamani zilichomwa au kubomolewa. Moto uliokuwa ukihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, kizazi hadi kizazi, ulifikia mwisho wake siku hizo, na waliouona mwisho huo walikuwa zaidi wanawake, wazee na watoto, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Wanawake ndio waliojenga vijiji hivyo, kwa haraka, chini ya amri. Nyumba zilipangwa kwa mistari ili mlinzi azione zote kwa mtazamo mmoja. Kuta zilikaliwa zikiwa mbichi bado. Watu walisongamana humo, na magonjwa na njaa vikaingia pamoja nao.

Halafu kukawa na suala la kuni. Watu walifungiwa ndani kwa amri ya kutotoka nje, wakaruhusiwa kwa saa chache, chini ya ulinzi, kwenda kutafuta chakula, maji na kitu cha kuwasha. Ukanda wa maili moja kando ya msitu ulifanywa eneo lililopigwa marufuku. Upande wa Mlima Kenya lilichimbwa handaki la maili 50 hivi, pana na lenye kina, lililosimikwa mianzi iliyochongwa ncha, ili kuwatenga wapiganaji na vijiji. Lilichimbwa kwa kazi ya lazima, majembe yakiwa mikononi mwa wanavijiji hao hao, wanawake wengi miongoni mwao. Walichimba wakiwa na mtoto mgongoni, na kuni zao zikabaki ng'ambo ya handaki. Sijui tukio jingine katika historia ya Kenya ambapo serikali iliingilia joto la nyumba za maskini kwa ukamilifu namna hiyo, na ni vigumu kwangu kuandika habari zake bila uchungu.

Pamoja na vijiji ulikuja Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na kazi ya kuunganisha vipande vya ardhi na kuviandikisha. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1950 waliopata ardhi walianza kurudi mashambani wakajenga upya. Waliokosa ni wale ambao hawakuwapo wakati mipaka ikipimwa, wajane wasio na wa kuwatetea, na waliokuwa wapangaji wa ukoo mwingine. Hao walibaki vijijini. Mitaro ilifukiwa, seng'enge zikauzwa, lakini vijiji havikuisha. Mpaka leo katika kaunti ya Nyeri vipo vingi, vikiitwa vijiji vya ukoloni, familia zikikaa katika vipande vidogo mno vya ardhi, na ukiuliza nani analala penye baridi zaidi Nyeri, jibu la kwanza utalipata huko.

Uhuru ulikuja na mabati. Kiwanda cha Mabati Rolling Mills kilianzishwa mwaka 1962, na pesa za kahawa na majani chai zilizidi kuingia katika mifuko ya wakulima wadogo. Nyasi za kuezekea nazo zilikuwa zikiadimika, maana ardhi iliyounganishwa ililimwa hadi ukingoni. Hapo wanawake wa Nyeri na wilaya jirani wakafanya jambo ambalo watafiti wa maendeleo walilifuata kwa miaka mingi baadaye. Walichukua ngwatio na matega ya mama zao wakaunda makundi ya mabati. Kila mwanachama alichanga kidogo kidogo. Kundi likaenda kupalilia au kuchuma kahawa katika mashamba ya wenye uwezo ili kuongeza mfuko. Fedha zikitosha, mwanachama mmoja ananunuliwa mabati na wote wanakwenda kwake kushangilia paa likipanda. Kisha zamu ya mwingine, hadi mlolongo uishe. Figa moja haliinjiki chungu, na makundi haya yalilithibitisha hilo bila kusubiri bajeti ya serikali. Maafisa wa maendeleo ya jamii waliyasifu, viongozi wa harambee walifika siku ya kufungua, lakini shilingi zilikuwa za wanawake wenyewe.

Walikuwa na sababu nzuri. Paa la mabati halivuji likipigwa vizuri, halishiki moto kwa cheche, na maji ya mvua yanayotiririka kwenye mfereji wake hadi kwenye tangi humwokoa mwanamke safari ya mtoni na mtungi mgongoni. Lilileta heshima pia. Asije mtu akaandika kwamba wanawake hawa walikosea. Walipima maji dhidi ya joto, na maji yakashinda.

Hata hivyo joto lilipotea, na namna lilivyopotea inafaa kuelezwa. Bati halifiki unene wa milimita moja. Mchana wa jua huchoma ndani. Usiku, anga likiwa wazi, hupoa upesi kuliko hewa yenyewe. Pumzi za waliolala hupanda, zikigusa bati zinageuka matone, na alfajiri matone hayo hudondokea blanketi. Tena pamoja na mabati umbo la nyumba lilibadilika. Nyumba ya duara ikawa ya pembe nne, yenye sebule na vyumba, na moshi haukutakiwa tena kwenye sebule yenye viti na vitambaa. Mafiga yalihamishiwa nje, katika kibanda cha jikoni. Ushauri wa kuutoa moshi penye watu ulikuwa sahihi kiafya. Ila moto ulipotoka, hakuna kilichoingia mahali pake. Kwa mara ya kwanza watu wa milima hii walianza kulala katika nyumba isiyo na moto wowote, chini ya paa jembamba kuliko yote waliyowahi kulalia.

Wenye fedha walipiga dari ya mbao. Wasio nazo walibandika magazeti. Nimeona nyumba za mabanzi ambazo ukuta wake wa ndani ni kurasa za magazeti tabaka juu ya tabaka, zikiwa zimegandishwa kwa uji wa unga, na juu ya kitanda gunia au katoni zilizopasuliwa zikatandazwa chini ya mabati. Kazi hiyo haina mhandisi wala mhisani, lakini kanuni yake ni ileile wanayoilipia watu wa nchi za barafu: hewa iliyofungiwa haipitishi joto kwa urahisi.

Miaka ya 1970 ilileta hofu nyingine, kwamba kuni zenyewe zitakwisha. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika Nyeri mwaka 1940, aliwasikiliza wanawake wa vijijini kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na malalamiko yao yalikuwa ya vitu vya msingi: maji, chakula, kuni. Tarehe 5 Juni 1977 miti saba ilipandwa Nairobi, mwanzo wa lile lililokuja kuitwa Green Belt Movement. Dunia ilimpa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004 na kumkumbuka kwa misitu na demokrasia, kama ilivyostahili. Wanawake wa Tetu, eneo la kwao Nyeri, waliotunza vitalu vyake walikuwa pia wakipanda moto wa miaka ijayo.

Serikali nayo iliunda Wizara ya Nishati mwaka 1979, na Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati jadidifu. Bei ya petroli ilikuwa imeitikisa dunia mara mbili katika miaka kumi, na wahisani walikuwa na fedha. Kutoka katika msisimko huo, kwa msaada wa Marekani, ulitoka mradi uliozaa jiko ambalo karibu kila Mkenya analijua, la bati lenye kiuno chembamba na kauri ndani. Wazo la ndoo yenye udongo lilitoka Thailand. Maxwell Kinyanjui na wenzake walilipima na kulirekebisha hadi likakubaliwa na wapishi, na mafundi wa Shauri Moyo na Gikomba wakalifanya biashara yao. Halikugawiwa bure. Liliuzwa, likaigwa, likaboreshwa, na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limeenea mijini kote. Kwa maskani ya shambani, shirika la Maendeleo ya Wanawake pamoja na wizara na Wajerumani walisambaza kauri ya jiko la kuni, inayojengewa udongo pembeni. Katika Nyeri serikali iliweka kituo cha nishati pale Wambugu, na vituo ndugu vikawa Mitunguu katika Meru na Mirangine katika Nyandarua, ambako wakulima walifundishwa kujenga majiko, kupanda miti ya kuni na kutengeneza mitambo ya gesi ya samadi.

Jiko la kauri ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya umma katika Kenya huru, nami ninaliheshimu. Lakini hebu tuangalie lilifanya nini hasa. Jiko la zamani la bati tupu lilipoteza joto pande zote. Kauri ilizuia upotevu huo ikaelekeza moto juu, kwenye sufuria, na makaa yaliyotumika yakapungua sana. Majaribio ya maabara yalipima zaidi kitu kimoja: kiasi gani cha moto kimeingia kwenye maji ya sufuria. Kilichobaki kiliandikwa hasara. Katika Nyeri ya Julai, hasara hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpasha joto bibi aliyekaa kando ya jiko na watoto waliozunguka wakisubiri chakula. Jiko lilipozidi kuwa zuri kwa sufuria lilizidi kuwa kimya kwa watu. Katika mabanda ya mafunzo wanawake walionyeshwa pia kikapu cha kumalizia mapishi, kilichojazwa vitambaa au majani makavu na kufunikwa kwa mto, ambacho huivisha maharagwe kwa saa nyingi bila moto baada ya kuchemshwa kidogo. Basi elimu ya kuzuia joto lisitoroke ilikuwapo Wambugu, mezani, ikiguswa kwa mikono. Ilifanyiwa chakula.

Sioni mtu wa kulaumiwa kwa hili. Wizara ilipewa nishati, idara ya misitu ikapewa miti, wizara ya afya ikapewa moshi, na wizara ya nyumba idadi ya nyumba. Mafiga matatu yaligawanywa kati ya ofisi nne, na kazi moja ya moto wa zamani, ile ya kuwapasha watu joto, haikuandikwa katika majukumu ya ofisi yoyote.

Yaliyofuata yalikwenda katika mkondo huo huo. Mwaka 2016 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia na kuanzisha mradi wa kuwauzia wenye kipato kidogo mitungi ya kilo 6 kwa bei nafuu kupitia shirika la mafuta la taifa. Mradi ulikwama mitungi mingi ilipokutwa na kasoro. Julai 2021 kodi hiyo ilirudishwa kwa asilimia 16, mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi 8, na mwaka 2023 ikafutwa tena. Mama anayepanga bajeti ya mwezi hawezi kujenga mazoea juu ya bei inayopanda na kushuka namna hiyo.

Mafuta taa yalipata pigo lake mwaka 2018, yalipotozwa ushuru mpya wa shilingi 18 kwa lita kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Sababu ilikuwa ya kweli. Waliolipa walikuwa wapangaji wa chumba kimoja, katika Majengo na Witemere mjini Nyeri na mitaa kama hiyo Nanyuki na Karatina, waliokuwa na stovu ya utambi kama chombo chao cha kupikia na kupasha chumba. Mwaka huo huo, Februari, ukataji wa miti katika misitu ya serikali ulisimamishwa, na marufuku hiyo ikaendelea hadi Julai 2023. Wengi walirudi kwenye kuni za kuokota. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta asilimia 55 ya kaya za Kenya zikipika kwa kuni na karibu asilimia 24 kwa gesi. Swali la sensa, kama kawaida, lilikuwa unapikia nini. Hakuna aliyeulizwa unaotea nini.

Wanaota makaa. Hilo ndilo jibu, na linaua. Makaa hayatoi moshi unaoonekana, hivyo jiko linaloingizwa chumbani baada ya chakula cha jioni linaonekana salama. Nyumba imezibwa kwa magunia ili baridi isipenye, mlango umefungwa, na hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, hujaa taratibu ikishika damu mahali pa oksijeni. Walalao hawaamki. Kila msimu wa gathano redio za Mlima Kenya hutangaza vifo vya namna hii, na kila msimu polisi na watu wa hali ya hewa hurudia onyo lile lile: usilale na jiko ndani. Onyo ni la haki. Lakini mtu mwenye mtoto anayekohoa, katika chumba cha mabati, saa nne usiku, ameambiwa lipi la kufanya badala yake?

Nchi nyingine zililijibu swali hilo, mojawapo ikiwa katika shida ile ile ya mafuta iliyotupatia jiko la kauri. Marekani ilianza mwaka 1976 kulipia kazi ya kuziba mianya na kuweka vizuia joto katika nyumba za wenye kipato kidogo, na mwaka 1981 ikaongeza msaada wa kulipia bili za nishati. Uingereza ilianza mwaka 1997 kuwalipa wazee fedha za kupasha nyumba majira ya baridi, na England ikawa na mpango wa kukarabati nyumba baridi za maskini kati ya 2000 na 2013. Huko wamebishana sana kuhusu gharama na nani anastahili, na mipango imefutwa na kurudishwa. Lakini jambo moja walilikubali mapema: fedha za kuni huteketea mwaka huo huo, na dari hubaki.

Baridi yetu si ya barafu, na dawa yake si ghali hivyo. Dari ya mbao nyembamba chini ya mabati, udongo au saruji kwenye mianya ya mabanzi, na jiko la kuni lenye bomba linalotoa moshi nje huku mwili wake ukibaki ndani ukipasha chumba: hivi vyote vinajulikana kwa fundi yeyote wa Karatina au Kerugoya. Ninachotamani ni siku ambapo vitaandikwa katika mpango wa serikali kama zilivyoandikwa barabara na stima. Mradi wa kuboresha mitaa ya mabanda, ulioanza mwaka 2011 na kuijumuisha Nyeri, ulileta barabara, mitaro, maji na taa za mtaani. Stima ya vijijini ilishushwa bei ya kuunganishwa hadi shilingi 15,000 mwaka 2015. Chini ya sheria ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024, mshahara wa Mkenya hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya ujenzi, na Nyeri nayo ina mradi wake pale Ruring'u. Nyumba hizo zote ni mpya. Nyumba ambayo maskini tayari analala ndani yake haina fungu.

Kilicho karibu zaidi na msaada wa joto ni mpango wa serikali wa Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi ambayo tangu mwaka 2018 ilifunguliwa kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi. Katika vijiji vya ukoloni fedha hiyo hununua unga, dawa, na msimu wa baridi makaa. Mzee wa Malindi na mzee wa Naro Moru wanalipwa sawa, Julai kama Januari.

Serikali ya kaunti na ya kitaifa zimekuwa zikipima vijiji hivyo na kutoa hatimiliki, miaka sabini baada ya watu kuingizwa humo kwa nguvu. Mwenye hati ana sababu ya kuwekeza katika ukuta wake, na mpimaji anayefika kila mlango anaweza kuandika, pamoja na ukubwa wa kiwanja, kama nyumba ina dari. Orodha hiyo ikianza Nyeri huenda ikawa ya kwanza ya aina yake nchini, na walioandikwa ndani yake watakuwa wajukuu wa wale waliochimba handaki.